Riwaya ya Kujichapishia Ikituhumiwa Wizi, Ipimwe Vipi?

Tuhuma za wizi wa maandishi siku hizi zina sura moja. Kurasa mbili zimepigwa picha, zimewekwa ubavu kwa ubavu, mistari imezungushiwa wino mwekundu, na chini yake pana maneno machache ya hasira. Picha hiyo ikizunguka mjini siku mbili tatu, hukumu imekwisha kutoka. Mwalimu aliyenunua nakala kumi kwa ajili ya klabu ya Kiswahili anaona aibu, mwenye steshenari aliyekuwa akiiuza riwaya hiyo anaishusha chini ya meza, na mwandishi, ambaye mara nyingi ametumia akiba yake au mkopo wa kikundi kuichapa, hapokei tena simu. Ukiuliza nani amesoma vitabu vyote viwili mwanzo hadi mwisho, wote wanatazamana.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya yule atakayetakiwa kusema neno: mwalimu, mkutubi, jaji wa shindano la uandishi, au msomaji tu ambaye wenzake humwamini. Nimeiweka Tabora mbele, pamoja na Kigoma jirani yake, kwa sababu historia ya njia ya misafara kutoka Ujiji hadi Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, huwatega waamuzi kwa namna ambayo riwaya ya mapenzi ya mjini haiwezi.

Tuanze na fundo linalowasumbua wengi. Kuvunja hakimiliki ni jambo moja, wizi wa maandishi ni jambo jingine, na mara nyingi yanakutana lakini si lazima. Mtu akitoa fotokopi ya riwaya nzima ya mwandishi aliye hai, jina la mwandishi likiwa palepale juu ya jalada, akaiuza stendi, amevunja hakimiliki. Hajajifanya mtunzi. Kinyume chake, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yako huru kwa yeyote kuyachapa, kwa kuwa muda wa hakimiliki haumgusi tena. Ila atakayeyachapa kwa jina lake mwenyewe ameiba, tena wizi wa kijinga, maana wanaomjua Muyaka ni wengi. Kosa la kwanza lina sheria yake. La pili ni kosa dhidi ya msomaji, aliyeambiwa kuwa sauti anayoisikia ni ya fulani kumbe ni ya mwingine. Jaji wa shindano au mwalimu anashughulika zaidi na hili la pili, lakini hawezi kulikwepa la kwanza.

Sheria yenyewe, yaani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, haina mafumbo mengi. Haki huanza pale kazi inapoandikwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husaidia kuonyesha nani alikuwa na nini na tangu lini, lakini asiyesajili hajapoteza haki yake. Haki hiyo hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo. Kinacholindwa ni namna jambo lilivyosemwa. Wazo tupu, mbinu, au tukio lililotokea kweli havina mwenyewe. Na tafsiri ni haki ya mwandishi wa asili, kwa hiyo anayeichukua riwaya ya Kiingereza, akaigeuza Kiswahili na kuwahamishia wahusika Nzega, hawezi kujitetea kwamba kila neno la Kiswahili amelitafuta mwenyewe.

Je, kujichapishia kunaongeza uzito wa tuhuma? Watu wengi huhisi hivyo hata kama hawasemi. Riwaya iliyopitia kampuni ya uchapishaji imesomwa na msomaji wa miswada, mhariri na msoma prufu kabla haijatufikia. Ya kujichapishia mara nyingi imesomwa na mwandishi, ndugu yake mmoja, na kijana aliyeipanga kwenye kompyuta. Mchapaji hakuisoma, aliletewa kazi ya nakala 300 akatoa nakala 300. Ndiyo maana utakuta herufi zimerukwa, sura ya tisa imejirudia, na mhusika aliyekufa ukurasa wa 40 anakunywa chai ukurasa wa 60. Hayo ni matokeo ya kukosa mhariri, na hayathibitishi wizi. Wala ISBN, ambayo hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, haimaanishi kwamba kuna mtu aliyekagua yaliyomo; ni namba ya kukitambulisha kitabu tu. Na wanaodhani kampuni kubwa ni kinga wakumbuke mwaka 2006, pale Little, Brown ya Marekani ilipoiondoa sokoni riwaya ya Kaavya Viswanathan, mwanafunzi wa Harvard, baada ya vifungu vingi kukutwa vikifanana na vya mwandishi mwenzake Megan McCafferty. Wahariri wote wale, na haikuonekana mpaka wasomaji walipoiona.

Sasa tutunge mfano, maana bila mfano tutabaki kuzunguka. Tuseme mwandishi wa Urambo amejichapishia riwaya. Nusu ya kwanza inamfuata kijana mpagazi wa miaka ya 1880, anayebeba pembe ya ndovu kutoka Ujiji hadi Tabora. Nusu ya pili ni ya kitukuu chake, mkulima wa tumbaku wa zama zetu, anayefunga safari kwa treni kwenda kulitafuta kaburi la mzee huyo. Mwandishi mwingine aliyetoa riwaya yake miaka kadhaa kabla anasema ameibiwa, na ameleta orodha. Riwaya zote mbili zinaanzia Ujiji. Zote zina mto Malagarasi na hongo ya kuvukia. Zote zina ndui inayoingia katika msafara, zote zina mwembe, zote zinaufunga wakati wa kale kwa mtemi Isike kujilipua. Zote zina bibi anayehesabu siku kwa kufunga mafundo kwenye kamba. Zote zina safari ya treni. Na zote zina mandhari ya kisimani, ambamo sentensi 14 zinafanana neno kwa neno.

Orodha ya namna hii ikisomwa kwa sauti, kila kipengele kinaongeza uzito wa kilichotangulia, na ukifika mwisho mtuhumiwa amekwisha. Kazi ya kwanza ya mwamuzi ni kuuvunja mrundikano huo: achukue kipengele kimoja kimoja na kuuliza ni cha nani.

Ujiji ni ya kila mtu. Pembe zilizotoka Manyema ng'ambo ya ziwa zilipitia pale, na mwandishi wa riwaya ya misafara hana pengine pazuri zaidi pa kuanzia. Malagarasi inavukwa na kila msafara ulioelekea mashariki, na hongo ilikuwa ada waliyoitoza watawala wa njiani, isingekuwemo ningeshangaa. Ndui iliua wapagazi kwelikweli. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893 ili asikamatwe na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Tom von Prince, na tukio hilo ni la historia, si la riwaya yoyote. Kuhusu mwembe nisipoteze wino: riwaya ya Tabora isiyo na mwembe ndiyo ingestahili kuchunguzwa.

Kuna tahadhari nyingine hapa, ambayo waamuzi wengi huisahau: kitabu cha tatu. Mfanano kati ya A na B unaweza kuwa umetoka kwa C. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliyaeleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki mwaka 1905, na Tabora na Ujiji zimo humo kwa wingi. Waandishi wawili wasiojuana wakikisoma kitabu hicho kimoja, watatoka na bei zilezile za pembe, ugomvi uleule na watawala, pengine hata mpangilio uleule wa safari. Vivyo hivyo ngano. Ikiwa hadithi ndani ya riwaya inasimuliwa na wazee huko Sikonge na huko Uyui, si ya mlalamikaji kwa sababu tu alitangulia kuichapa. Sheria yetu ina sehemu yake ya peke yake kuhusu sanaa-jadi, lakini mtu mmoja hawezi kuigeuza kuwa shamba lake.

Kesi iliyonifundisha jambo hili kuliko nyingine zote ni ya Marekani, na bahati nzuri inahusu biashara ya watumwa, mada ambayo Ujiji na Tabora zinaijua kwa machungu. Mwaka 1976 Alex Haley alitoa Roots, kitabu cha ukoo wake kutoka Gambia hadi utumwani na baada ya hapo. Mafanikio yake yalikuwa makubwa mno. Kisha waandishi wawili wakamshtaki, kila mmoja kivyake, na mambo yote mawili yakafikia mwisho mwaka 1978 huko New York. Margaret Walker, mwandishi wa Jubilee ya mwaka 1966, alileta orodha ndefu ya mifanano: watumwa wanaotoroka huku mbwa wakibweka nyuma, nyimbo za huzuni, familia kutenganishwa mnadani, mila na misemo. Jaji alisema hayo ni historia, ni simulizi za watu wote, ni matukio ambayo kila anayeandika juu ya utumwa lazima ayapitie. Walker akashindwa.

Harold Courlander, mwandishi wa The African ya mwaka 1967, alikuja na kitu tofauti: vifungu. Mahali baada ya mahali, jinsi mambo yalivyosemwa katika Roots ilifuata jinsi yalivyosemwa katika riwaya yake. Kesi ilisikilizwa kwa wiki kadhaa, kisha Haley akakubali suluhu ya dola 650,000, pamoja na kukiri kwamba vipande vya The African viliingia katika kitabu chake. Kitabu kilekile, mwaka uleule, mji uleule, na matokeo yakapishana namna hiyo. Tofauti haikuwa urefu wa orodha.

London nako, mwaka 2006, waandishi wawili wa kitabu cha mwaka 1982 juu ya ukoo wa Yesu walimshtaki mchapishaji wa riwaya ya The Da Vinci Code wakisema nadharia yao yote imechukuliwa. Mahakama ikakataa. Nadharia iliyotolewa kama historia haiwezi kufungiwa kabatini na mwenye kuitoa.

Turudi Urambo. Tumeshaondoa Ujiji, mto, ndui, mwembe na Isike. Zimebaki kamba ya mafundo, treni na kisima.

Kamba ni ngumu. Kuhesabu siku kwa mafundo ni jambo ambalo watu wa sehemu nyingi wamelifanya, hivyo kamba peke yake haitoshi. Lakini tukikuta kwamba katika riwaya zote mbili bibi hulifungua fundo moja kila mtu wa nyumbani anapofariki, kwamba fundo la mjukuu aliyepotea linakataa kufunguka, na kwamba kamba hiyo inakuja kuzikwa naye, kisha mambo hayo matatu yanakuja kwa mfuatano uleule na kufanya kazi ileile katika hadithi, hapo wazo limekwisha kuwa utunzi. Wanasheria hujadili bila kuchoka ni wapi hasa mpaka ulipo kati ya wazo na namna ya kulisema. Kwa msomaji wa kawaida mtihani ni huu: je, ningeweza kuyatabiri maelezo haya kwa kujua mada tu? Ndui ningeitabiri. Fundo linalokataa kufunguka nisingelitabiri hata kidogo.

Treni ilionekana kipengele dhaifu kuliko vyote, maana reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na riwaya ya sasa isiyoipanda ni chache. Lakini tuseme katika riwaya ya kwanza mwandishi amekosea: amesema tawi la kwenda Mpanda linaachana na reli ya Kigoma pale Uvinza. Msafiri yeyote wa njia hiyo anajua linaachana Kaliua. Sasa riwaya ya pili, ya mtu wa Urambo, mahali ambapo Kaliua ni jirani, nayo inasema Uvinza. Ukweli unaweza kufikiwa na watu wawili kila mmoja kwa njia yake. Kosa la ajabu namna hiyo ni nadra lifikiwe hivyo. Tukilikuta katika vitabu vyote viwili, uwezekano mkubwa ni kwamba kimoja kilikuwa wazi mezani wakati kingine kinaandikwa. Wanaosahihisha mitihani wanalijua hili siku zote: wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi huwezi kusema kitu, lakini wakikosea kwa namna ileile, unawaita.

Makosa ni rafiki wa mwamuzi kwa njia nyingine pia. Wizi mwingi wa simulizi zetu, hasa zile zinazouzwa sehemu kwa sehemu kwenye simu kwa kutumiwa hela kwanza, hufanywa kwa kubadili majina. Namba ya simu ya mtunzi inafutwa, inawekwa nyingine, Sinza ya Dar es Salaam inakuwa Kanyenye ya Tabora, kazi imekwisha. Kompyuta inarahisisha: unaiambia itafute jina na kuliweka jingine. Ila Kiswahili kina kisasi chake. Mtu anayebadili Ali kuwa Juma bila kuiambia mashine itafute neno zima, atakuta kila sentensi iliyoanza na "Alikuwa" sasa inasema "Jumakuwa", na "Alisema" imekuwa "Jumasema". Akisahihisha haraka haraka atabakiza mbili tatu. Nikiona "Jumaondoka" katika riwaya, sihitaji picha za mtu yeyote.

Riwaya iliyohamishwa mahali nayo huacha nyayo. Chukua hadithi ya Tanga, ihamishie Kigoma. Bahari inakuwa Ziwa Tanganyika, changu anakuwa mgebuka, bandari inakuwa mwalo wa Kibirizi. Halafu asubuhi ya sura ya pili jua linachomoza kutoka majini. Kigoma jua linachwea majini, upande wa Kongo, na mtoto wa Ujiji hawezi kulikosea. Au maji yanakupwa na wanawake wanatoka kwenda kuchokoa pweza, nao wamegeuzwa kuwa wanawake wanaookota kitu kisichojulikana katika ziwa lisilo na kupwa wala kujaa. Au mapenzi yanafanyika usiku wa mbalamwezi huku wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao ziwani, wakati dagaa huvuliwa giza, na mwezi ukikomaa wavuvi hushona nyavu na kulala. Kosa moja la aina hii ni uzembe wa mwandishi asiyefika Kigoma. Yakifuatana, na yote yakawa na maana kamili ukiyarudisha pwani, basi tafuta riwaya ya pwani.

Programu za kukagua mfanano, kama Turnitin inayotumika vyuoni, hazitakusaidia sana hapa. Zinalinganisha na kile zilichonacho, na riwaya nyingi za Kiswahili, hususan za kujichapishia, hazimo humo. Tafsiri ya siri kutoka Kiingereza ndiyo kabisa huipita. Hapo msomaji mwenye sikio ndiye mashine: sentensi za Kiswahili zenye mifupa ya Kiingereza, wanakijiji wa Igunga wanaopeana mikono na kusema "nimefurahi kukutana nawe" kabla hata ya kuamkiana. Mtu wa Igunga amekuja nyumbani kwa mkwe wake na hakuna shikamoo?

Baada ya hayo linakuja swali la tarehe, ambalo kwa vitabu vya kujichapishia ni kero. Mwaka ulioandikwa ukurasa wa hakimiliki umeandikwa na mwandishi mwenyewe, na karatasi haigomi. Kitabu kilichotangulia kuchapwa si lazima kiwe kimetangulia kuandikwa. Inawezekana mlalamikaji ndiye aliyesikia sura zikisomwa kwenye mkutano wa waandishi, akawahi mchapaji kwa kuwa alikuwa na fedha. Kwa hiyo mwamuzi aombe vitu vyenye tarehe isiyotegemea neno la mtu: risiti ya mchapaji, barua pepe iliyobeba muswada, ujumbe wa simu kwa yule aliyepanga kurasa, cheti cha COSOTA kama kipo, madaftari. Madaftari nayapenda zaidi. Sentensi iliyokatwa mara tatu na kuandikwa upya pembeni ina historia yake, na wizi kwa kawaida huja ukiwa safi, bila rasimu. Mwandishi wa Urambo akileta daftari lenye mandhari ya kisimani iliyohangaikiwa kwa kurasa nne, mashaka yote yanageuka upande wa pili.

Na kama hana? Asikilizwe, lakini majibu mawili ya kawaida yapimwe kwa kipimo chake. La kwanza ni kumbukumbu: "Nilikisoma zamani, sikujua kwamba kimebaki kichwani." Hili hutokea. Helen Keller, yule Mmarekani asiyeona wala kusikia, akiwa na miaka 11 aliandika kisa cha mfalme wa barafu kilichokuja kugundulika kufanana sana na cha Margaret Canby. Alikuwa amesomewa miaka mitatu hivi nyuma kwa vidole kiganjani, akasahau kwamba alisomewa, kisa kikabaki. Kumbukumbu inaweza kubeba mpango wa hadithi, picha, hata msemo. Sentensi 14 mfululizo pamoja na mikato yake haibebi, isipokuwa kwa aliyezikariri.

La pili ni la msaidizi: "Kuna kijana nilimlipa aniandikie sehemu hiyo." Mwaka 2019 mwandishi wa Brazili, Cristiane Serruya, aliyekuwa akijichapishia riwaya za mapenzi kwa Kiingereza, aligundulika kuwa na vifungu vya waandishi wengi, akiwemo Nora Roberts, ambaye alimshtaki. Yeye aliwalaumu waandishi vivuli aliowakodi mtandaoni. Huenda ni kweli. Lakini jina lililo juu ya jalada ndilo lililochukua sifa na fedha, na ndilo litakalobeba lawama. Siku hizi msaidizi anaweza kuwa programu ya kompyuta inayoandika ikiagizwa. Jibu ni lilelile.

Kuna utetezi wa tatu, wa kisomi zaidi, na hauchekeshi. Mwaka 1968 Yambo Ouologuem wa Mali alipata tuzo ya Renaudot huko Ufaransa kwa riwaya yake Le Devoir de violence. Miaka michache baadaye zikaonekana ndani yake kurasa zilizofuata za waandishi Graham Greene wa Uingereza na André Schwarz-Bart wa Ufaransa. Kitabu kikaondolewa sokoni, Ouologuem akarudi Mali akaacha kuchapisha, na akafariki mwaka 2017. Alidai alama za kunukuu zilikuwemo katika muswada wake zikaondolewa. Wahakiki wengi leo wanaona kuwa kuunga vipande vya wengine ilikuwa mbinu yake, namna ya kuikejeli fasihi ya Ulaya kwa maneno yake yenyewe, na riwaya ikaja kuchapwa tena. Mimi naona ni riwaya kubwa. Sioni kwamba inamsaidia mtu wetu.

Sisi wenyewe tuna utaratibu wa zamani wa kuazima. Katika takhmisi mshairi huchukua beti za mwingine, akaitangulizia kila moja vipande vitatu vyake hadi vikawa vitano, na hadhira inajua kipi ni cha nani. Utamu wote uko katika kuusikia ugeni na wenyeji vikishikana. Katika malumbano ya mashairi magazetini, mtu huyachukua maneno ya mpinzani na kumrudishia, tena kwa kumtaja jina. Kuazima kwa wazi hakujawahi kuwa aibu kwetu. Mbinu ya Ouologuem nayo inahitaji msomaji anayeweza kuugundua mshono, naye Greene alikuwa anasomwa kila mahali. Riwaya inayouzwa kwa wanafunzi wa sekondari Tabora, ikichukua kutoka kitabu cha nakala mia chache ambacho hakuna anayetarajiwa kukiona, haijamkejeli mtu. Imeficha.

Baada ya yote haya ndipo swali la ubora linapopata nafasi yake, nami nasisitiza lije mwisho, kwa sababu likija mwanzo linaharibu mizani. Tukiipenda riwaya tutayapunguza makosa yake, tukiichukia tutaona wizi katika kila mwembe. Njia ninayoiona ya haki ni kuisoma tena kurasa zilizothibitika kuchukuliwa zikiwa zimefunikwa, na kuona ni nini kimesimama. Katika mfano wetu, kisima kikiondoka kijana mpagazi hana sababu ya kubaki Tabora. Kule kisimani ndiko alikopenda na kuapa; bila hapo anaelea tu mpaka Isike anapojilipua. Kumbe moyo wa nusu ya kwanza uliletwa kutoka kwa mtu mwingine. Mapungufu yaliyokuwa yamefichwa na kisima yanaonekana yote: wapagazi wanaongea kama wanafunzi wa chuo, watawala wa njiani wote ni walafi kwa namna moja, na bibi ana kamba lakini hana neno hata moja la kwake.

Nusu ya pili ni habari nyingine. Mkulima analala ndani ya bani, banda la kukaushia tumbaku, usiku akichochea moto ili joto lisishuke, anaota babu yake, anaamka majani yameungua. Siku ya soko mteuzi, yule anayepanga madaraja ya tumbaku, anapita mbele ya marobota bila kumtazama usoni, anataja daraja, anasonga. Mkulima anabaki akikokotoa deni la mbolea kichwani wakati karani bado anaandika. Hakuna ukurasa kama huo katika riwaya ya mlalamikaji, wala katika nyingine niliyowahi kusoma kuhusu Tabora.

Uamuzi wangu kwa mfano huu ungekuwa hivi. Katika shindano riwaya hiyo iondolewe, bila kusubiri mahakama, kwa kuwa masharti ya shindano ni kazi ya mwenyewe na sentensi 14 pamoja na kamba si zake. Ripoti itaje kurasa, iache kutaja tabia ya mtu, na iseme wazi kwamba Ujiji, Malagarasi, ndui, mwembe na Isike havikuhesabiwa, ili mlalamikaji naye asije akaitumia ripoti hiyo kumtisha kila atakayeandika juu ya misafara. Maktaba isiichome wala kuificha. Iwekwe pamoja na ile ya kwanza, na nakala ya ripoti ndani ya jalada. Suala la fidia walipeleke COSOTA au kwa mwanasheria, maana mwamuzi wa fasihi hana mamlaka juu ya mifuko ya watu. Nakala zilizobaki kwenye maboksi zisiuzwe mpaka wawili hao wamekubaliana. Na mwandishi wa Urambo aambiwe ana kwa ana, na mtu anayemheshimu, kwamba nusu ya pili inatosha kuwa kitabu chenyewe, kurasa mia na kidogo, isipokuwa sura ya treni, ambayo itabidi aiandike upya, na Kaliua ikae mahali pake.